Kompyuta ya gemu, vimiraba vya zambarau na faini ya shilingi 20,000

Leo ni zamu yetu sisi wa chumba cha kompyuta. Tulikaa tukakubaliana kwamba tutaandika yote, hata yale ya aibu, na sababu mtaiona mbele.

Tuko na mashine nane. Saba ni laptopu za kawaida, nzito, za kujifunzia kuandika. Ya nane ndiyo tunaiita Mkubwa. Ni kompyuta ya mezani iliyotoka Ulaya. Kuna kijana huko aliichezea gemu miaka kadhaa, akanunua mpya, hii akaitoa, ikapita mikono mingi mpaka ikatufikia ndani ya boksi la televisheni. Ndani ina kadi ya grafiki ya GTX 1060 ya GB 6. Kadi hizo zilitoka 2016, kwa watu wa gemu ni babu, lakini kwetu hakuna mashine inayoikaribia. Mchana tunakatia video za harusi, matangazo na maigizo. Jioni ni mpira. Watu wanalipa shilingi 500 kwa mechi, na hizo pesa ndizo zinanunua data na kumlipa mzee anayelala pale kulinda.

Mkubwa alianza kuugua mwezi wa sita, kiangazi kikiwa kimeshika.

Kwanza vilikuja vimiraba. Mtu anacheza, uwanja wa kijani unaanza kuota vitone vya zambarau, halafu mistari, halafu mchezaji mmoja anabaki na mguu mrefu mpaka kona ya skrini. Tulicheka sana siku ile. Baadaye skrini ikawa inakuwa nyeusi sekunde mbili tatu kisha inarudi, na gemu limejifunga. Halafu ikaja ya tatu, mbaya kuliko zote: mashine inazima tu, pap, kama mtu kachomoa waya. Video ya harusi ya saa nzima ilipotea hivyo, na bwana harusi alikuwa ameshalipa nusu.

Sasa hapa tuseme ukweli wetu. Hatukutafuta ugonjwa, tulitafuta mtu.

Kulikuwa na dogo wa miaka kumi na sita, mgeni kambini, alikuwa amepewa kiwanja siyo zamani. Anapenda Mkubwa kuliko chakula. Anakuja na flashi yake, anauliza maswali mengi, anafungua sehemu za mipangilio ambazo sisi wenyewe hatujawahi kuzifungua. Siku vimiraba vilipozidi yeye ndiye alikuwa amekaa pale, na flashi yake imechomekwa. Ikatosha. Mtu mmoja akasema ni virusi. Mwingine akasema hawa watu wa upande ule ndivyo walivyo. Upande gani hatuutaji, maana siku ile tuliutaja vya kutosha. Tulimfukuza mbele ya watu, tukamnyang'anya flashi, tukamwandikia mama yake faini ya shilingi 20,000. Mama aliuza maharage akalipa. Dogo alikuwa anasema tu, "Kaka, mimi sikuharibu, iko na joto, mshike hapo nyuma." Hakuna aliyeshika.

Tukaifomati ile flashi ili virusi vife. Tukaendelea kuitumia kuhamishia mafaili ya gemu.

Kwa faida ya wengine: virusi vinaweza kuiba nywila, kujaza matangazo, kuipa mashine kazi nyingi mpaka iwe nzito. Lakini vimiraba vya rangi kwenye skrini, hasa vinavyokuja mashine ikishapata moto na kupotea ikipoa, kwa kawaida ni kadi yenyewe inalalamika: joto, kumbukumbu yake au umeme wake. Wakati mwingine ni draiva. Wakati mwingine ni kebo tu. Hayo hatukuyajua, au tuseme hatukutaka kuyajua kwa sababu mkosaji tulishampata.

Dogo alipoondoka, Mkubwa akaendelea kuzima.

Tukampeleka kwa fundi mjini Mbarara, juu ya bodaboda, amefungwa kwa godoro la mtoto. Fundi alimwasha, akaangalia dakika kumi, akasema kadi imekufa, tulete pesa ya kadi nyingine. Lakini pale kwake Mkubwa hakuzima hata mara moja. Hilo lilipaswa kutushtua. Sisi tulirudi tukaanza kuchangisha. Zilifika shilingi 210,000, zingine za watoto wa shule.

Kabla pesa hazijaenda, dada mmoja wa kikundi chetu, ambaye gemu hachezi kabisa, anakata video tu, akauliza: hivi tunajua inazima saa ngapi? Tukamjibu, inazima wakati wote. Akasema, wakati wote siyo saa.

Yeye ndiye alifungua programu ya Event Viewer. Kila mwenye Windows anayo, ni kama daftari la mlinzi: kila kinachotokea ndani ya mashine kinaandikwa na namba na saa. Watu wengi wakiingia humo wanaogopa kwa sababu maonyo mekundu ni mengi, hata kwenye mashine nzima kabisa. Usiyasome yote. Tafuta machache. Namba 4101 inaandikwa pale draiva ya skrini inapoacha kujibu na Windows kuiamsha tena. Ndiyo ile nyeusi ya sekunde mbili tatu. Namba 41 inasema mashine iliwaka bila kuwa imezimwa vizuri. Na namba 6008 ndiyo tamu, maana inakutajia ile saa ambayo mashine ilikatika.

Mwanzoni saa hazikukubaliana na kumbukumbu zetu. Kumbe Mkubwa alikuwa bado anaishi kwa saa za Ulaya, nyuma yetu saa moja. Tukaongeza hiyo saa moja, tukachukua daftari la kusaini watu wakiingia, tukaweka viwili hivi kando kando mezani.

Kuzima ghafla kulikuwa mara 14. Dogo alikuwa ndani mara 3. Mara 6 ilikuwa baada ya kumfukuza. Na mara 11 kati ya hizo 14 ilikuwa baina ya saa kumi na moja na saa moja jioni.

Chumba kilinyamaza kidogo. Halafu mmoja wetu akasema, saa kumi na moja ndiyo watu wanaleta simu.

Hapa tueleze. Umeme wetu ni wa sola: paneli juu ya bati, betri za volti 12, na inverta inayougeuza kuwa volti 240. Mwezi wa tano tulianzisha mradi wa kuchaji simu, tukaupiga picha, tukauandika humu humu na mkatupongeza sana. Ili meza ya simu ikae karibu na dirisha, tuliihamisha inverta kutoka kwa betri tukaipeleka mita tatu, na tukaiunganisha kwa waya tuliokuwa nao, ule mwembamba wa kuweka soketi ndani ya nyumba. Ilikubali. Taa ya kijani iliwaka, tukapiga makofi.

Tuliazima testa kwa kijana anayetengeneza redio. Mkubwa akiwa amezimwa na simu hakuna, kwenye betri tulisoma volti 12.2, kwenye inverta 12.1. Hakuna neno. Tukawasha mechi, tukachomeka simu ishirini. Kwenye betri 11.9. Kwenye inverta 10.6. Inverta ikaanza ule mlio wake wa pii pii pii, mlio ambao tulikuwa tumeuzoea kama kelele za jogoo, na mashine ikakatika palepale. Volti 1.3 zilikuwa zimepotelea njiani, ndani ya waya wa mita tatu. Tulipougusa ulikuwa moto.

Hesabu yake ni hii, na tunaomba muisome polepole kwa sababu hatukufundishwa popote. Mkubwa akicheza gemu, pamoja na skrini yake, anakula kama wati 250. Simu ishirini zinaongeza mia na kitu. Kwa volti 240 hizo wati ni ampea moja na nusu hivi, waya mwembamba unabeba bila shida. Lakini kwa volti 12 wati zilezile zinakuwa ampea thelathini na zaidi. Huo ni mto mkubwa unaopita kwenye mrija. Kwa hiyo kirefushwe kipande cha baada ya inverta, cha volti 240. Kipande cha kati ya betri na inverta kiwe kifupi na kinene, kama nyaya za kustatia lori, na fyuzi karibu na betri, la sivyo siku moja ni moto kweli. Sisi tulifanya kinyume kabisa.

Na ndiyo maana tuliamini ni gemu. Mtu akiandika barua, kadi ya grafiki inalala, umeme unatosha. Akifungua mpira, kadi inaamka na kudai wati zake, jumlisha simu, kwisha. Mjini kwa fundi umeme ulikuwa wa gridi, ndiyo sababu hakuzima.

Tukafurahi tukadhani tumemaliza. Tukarudisha inverta karibu na betri, tukanunua nyaya nene za nusu mita. Kuzima kukaisha. Vimiraba vikabaki.

Kumbe yalikuwa magonjwa mawili ndani ya mwili mmoja, kama malaria na taifodi. Ukitibu moja unaona mgonjwa bado anatetemeka, unasema dawa ni feki. Na sisi tulikuwa tumeshajichanganya wenyewe, kwa sababu wiki za mwanzo tulibadilisha draiva, tukabadilisha kebo ya HDMI na tukapunguza mipangilio ya gemu siku moja. Siku mbili ikawa nzuri, halafu ikarudi, wala hatukujua kipi kilisaidia. Safari hii dada aliweka sheria: kitu kimoja, siku moja, andika.

Siku ya kwanza kebo na skrini. Tulitumia skrini nyingine, vimiraba vilevile. Siku ya pili draiva. Ile ya zamani tuliing'oa kwa Display Driver Uninstaller, Windows ikiwa kwenye hali ya usalama, ile inayowaka bila mapambo na picha kubwa, intaneti imekatwa ili isijishushie nyingine yenyewe. Kisha tukaweka mpya kutoka kwa NVIDIA. Faili hilo ni zaidi ya MB 600, kwa hiyo lipakueni usiku kama data yenu ya usiku ni rahisi, na mlitunze. Vimiraba vilevile. Siku ya tatu tulifungua GPU-Z tuone joto. Mkubwa akiwa amepumzika, nyuzi 58. Dakika kumi na mbili za mechi, nyuzi 92. Kwa kadi hiyo mwenye kuitengeneza anasema mwisho ni nyuzi 94.

"Iko na joto, mshike hapo nyuma."

Tulifungua ubavu wa mashine. Umeme tumechomoa, kitufe cha kuwasha tumekibonyeza sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, mkono tumegusa chuma kwanza. Vumbi la Nakivale mnalijua, lile jekundu. Lilikuwa limejaa kati ya mapezi ya aluminiamu mpaka limekuwa kama blanketi. Feni moja ya kadi ilikuwa inazunguka, nyingine imekwama na unywele. Tulitumia brashi mpya ya rangi na kipulizio cha fundi simu, feni tumeishika kwa kidole isizunguke wakati wa kupuliza. Tukafungua skrubu nne za kadi. Ile pesti inayopeleka joto kutoka kwenye chipu kwenda kwenye chuma ilikuwa imekauka, inabanduka vipande kama udongo wa ukuta. Tukaifuta kwa spiriti, tukapaka mpya, nyembamba, ienee chipu yote.

Dakika kumi na mbili za mechi: nyuzi 76.

Tukaongeza mawili ya programu. Gemu tuliliwekea kikomo cha picha 60 kwa sekunde. Kabla lilikuwa linakimbia bila breki, linapika picha ambazo skrini yetu haiwezi hata kuzionyesha. Na kwa MSI Afterburner tukashusha kikomo cha umeme wa kadi mpaka asilimia 75. Tofauti kwa macho hakuna anayeiona. Tofauti kwa betri tunaiona kila jioni.

Lakini tusidanganye. Vimiraba havijaisha kabisa. Saa nane mchana, jua likiwa kichwani na bati linawaka, bado vinatokea viwili vitatu. Inaonekana kumbukumbu ya kadi iliumia kidogo kwa zile wiki tulizoichezesha ikiwa inaungua. Tumeipunguzia kasi MHz 200, ikatulia zaidi, na saa hizo za jua hatuchezi. Ingekuwa imesafishwa siku ile ya kwanza, siku dogo aliyosema, labda isingefika hapa.

Ninyi wa mashirika, hapa neno moja, msikasirike. Kompyuta zinakuja, tunashukuru. Lakini anayeuliza chumba kina wati ngapi na vumbi kiasi gani ni nadra. Brashi, pesti na testa pamoja ni pesa ndogo kuliko chakula cha mchana cha siku ya makabidhiano.

Michango tuliirudisha kwa kila aliyetoa, tukakata gharama ya nyaya na pesti kwenye pesa zetu za mechi. Kisha watatu wetu tukaenda kwa mama yule na zile 20,000.

Alitukaribisha, akatoa viti, akapokea kwa mikono miwili, akahesabu. Tukamweleza habari za waya na vumbi. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Siku mlipomfukuza mtoto wangu kulikuwa na watu wangapi?"

Tukaangaliana. Tukasema labda thelathini.

"Basi wanangu, muende muwaambie hao thelathini."

Ndiyo sababu tunaandika hapa, maana wale thelathini wote wako humu, na wengine wengi walisikia. Hakuharibu. Sisi ndio tuliharibu, kwa waya wetu na kwa uvivu wetu wa kufungua skrubu nne. Na yale maneno ya upande ule yalisemwa kwa vinywa vyetu, na tuliobaki tulinyamaza.

Dogo mwenyewe alikuwa amekaa mlangoni, hakuingia. Tulipotoka tukamwambia, dogo, tunaomba msamaha, chumba ni chako, njoo hata kesho. Alisema sawa. Kisha akauliza kitu kimoja tu: "Kaka, flashi yangu iko?"

Flashi ilikuwepo. Ndani yake, kabla hatujaifomati, kulikuwa na picha za nyumbani kwao, za kabla hawajakimbia. Simu iliyozipiga ilibaki njiani, na baba yao hawajui alipo.

Ile jioni tuliacha mechi. Kama limewahi kuwapata, jueni hili: ukifomati haraka, mafaili hayafutwi palepale, inafutwa orodha tu ya mahali yalipo, na unaweza kuyaokoa kama hujaandika kitu kingine juu yake. Sisi tulikuwa tumeandika. Wiki tano za mafaili ya gemu. Tuliendesha Recuva ile skani ndefu, usiku kucha, Mkubwa hakuzima hata mara moja. Picha 37 zilirudi. Zilizo nzima ni 22. Zingine ziko nusu: juu unaona mti, ukuta, paji la uso wa mtu, na chini yote ni kijivu.

Tumezihifadhi zote kwenye folda yenye jina lake, nakala mbili, pamoja na zile za nusu. Alikuja Jumamosi akazichukua. Alikaa mbele ya Mkubwa akazipitia moja moja, hakucheza. Alipoondoka alizunguka nyuma ya mashine akaweka kiganja pale hewa inapotokea.

"Sasa iko sawa," akasema.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Mpaka leo tunaandika hajarudi. Funguo ya chumba tumemwandikia jina lake kwenye zamu ya asubuhi, saa mbili mpaka saa sita, wakati hakuna joto.